Mleeni anayelea: barua ya wazi kwa halmashauri yetu, wabunge wa Kagera na wa Wizarani

Waheshimiwa madiwani, ndugu Mkurugenzi, afisa ustawi wa jamii wa wilaya, wabunge wetu wa Kagera na nyie mlioko Wizara ya Maendeleo ya Jamii kule Dodoma, shikamooni kwa wote mnaostahili shikamoo na wengine poleni na majukumu. Naandika nikiwa nyumbani kijijini, watoto wameshalala, na nimeamua kuandika hadharani kwa sababu barua mbili za mwanzo nilizipeleka kwa mkono zikagongwa muhuri wa kupokelewa na mpaka leo kimya. Sina nia ya kumchafua mtu. Nina jambo moja tu, nalo ni kwamba mtoto yatima hasaidiki akiwa peke yake, anasaidika pale anaposaidiwa yule anayemlea, na anayemlea hapa kwetu mara nyingi ni bibi, na huyo bibi hakuna bajeti yenye jina lake popote.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya kijiji, ile tuliyokuwa tunaiita kamati ya MVC, yani ya watoto walio katika mazingira magumu zaidi, siku hizi iko ndani ya MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Daftari la watoto yatima na walio katika mazingira magumu la kijiji chetu nalitunza mimi, nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni sababu ya mvua na liko juu ya kabati hapa. Kuna watoto 41 humo. Nimepiga mistari kwa rula nikagawa sehemu nne, jina, umri, shule, na anaishi na nani, na hiyo sehemu ya nne ukiisoma kwenda chini inasema bibi, bibi, bibi, shangazi, bibi, babu na bibi, dada yake (miaka 17), bibi, bibi, mama mdogo, bibi. Naomba hiyo safu ya nne mkae nayo kidogo kabla hamjaendelea kusoma, maana ripoti zote tunazojaza kwenda juu zinauliza zile safu tatu za kwanza tu.

Na mimi mwenyewe nimelelewa na bibi. Baba alikuwa kwenye MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, alikuwa anapeleka ndizi Mwanza, hakurudi. Mama alimfuata baada ya miaka mitatu kwa ugonjwa ambao wakati ule watu walikuwa hawautaji kwa jina lake. Mnaofahamu historia ya huku mnajua, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa Kagera mwaka 1983, na wazee wetu walivyoona watu wanakonda wakauita Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vinavuka mpaka kipindi kile. Basi tukabaki watoto watano na bibi mzaa baba, umri wake umeshapita sitini, ana kibanja cha migomba na kahawa kidogo na shamba la njugumawe kule rweya, kwenye uwanda wa nyasi nje ya vibanja. Hakukuwa na mradi wala fomu. Bibi alitulea kwa mikono yake na kwa majirani, na majirani walikuwa wanaletewa njugumawe zikivunwa, na sisi tukienda kwao tunakula kama wao. Mdogo wangu wa mwisho alinyonyeshwa na mama jirani. Yani kama kuna kitu kinaitwa msaada wa jamii kwa yatima basi sisi tulikuwa ndani yake kabla hakijapewa jina hilo.

Ila nisije nikawadanganya kwamba jamii inaweza yenyewe tu. Jamii inaweza msiba. Huku tuna vikundi vya bujuni, mtu akifa leo kesho asubuhi chakula kipo, kuni zipo, jeneza lipo, kila kaya imetoa hela na mtu wa kufanya kazi, hakuna anayeachwa azike peke yake. Baada ya matanga watu wanarudi makwao. Msiba una watu kwa siku chache, mtoto ana bibi kwa miaka kumi na tano mbele, na kwenye hiyo miaka kumi na tano ndo tunapotafuta nani yupo hatumuoni. Na mambo hayako kama zamani. Mnyauko wa migomba ulipoingia huku Kagera kuanzia 2006 vibanja vingi vilikatwa vikachomwa, bibi aliyekuwa anakata mkungu kulisha wajukuu siku hizi ananunua unga dukani kwa kuandikiwa kwenye daftari. Ameongezeka yatima wa aina nyingine pia, sio wa ule ugonjwa tu, yupo ambaye mama alifia kwenye uzazi, yupo ambaye baba alikuwa bodaboda akagongwa na lori, yupo wa ziwani.

Hapo kwenye aina za yatima niwape mfano mmoja. Miaka ya karibuni kulikuwa na mradi kwenye kata yetu, siutaji, uliofadhiliwa na Wamarekani, na ulifanya mazuri mengi, watoto wengi wanaotumia dawa za VVU walifuatiliwa vizuri na wahudumu walikuwa wanafika nyumbani kwa mtu. Lakini mradi ulikuwa na vigezo vyake. Kuna watoto wawili wa darasa la nne walikuwa wanakaa dawati moja, mmoja mama yake alifariki kwa UKIMWI, mwingine baba yake alikufa kwa ajali ya pikipiki na mama akaondoka, wote wanalelewa na bibi zao na nyumba zao zinatazamana. Mmoja akapata begi, sweta, madaftari na viatu. Wa pili hakupata. Na lile begi lilikuwa la bluu lenye nembo imeshonwa mbele kwa uzi wa njano, kwa hiyo shule nzima ikajua mwenye begi la bluu ni wa nini. Nilifika kwa yule bibi wa kwanza siku ya Jumamosi kuhakiki vifaa nikamkuta kakaa mlangoni kwenye jua, begi liko mapajani, ameshika wembe anachomoa uzi wa ile nembo mmoja mmoja, taratibu asije akachana kitambaa, na mjukuu kasimama pembeni anaokota nyuzi anaziweka kwenye kiganja. Nikamuuliza mama vipi tena. Akaniambia hataki kwenda nalo hivi hivi, wanamwita mtoto wa mradi, na mimi sina lingine la kumpa.

Nikaandika kwenye fomu, begi limepokelewa, hali nzuri.

Wale waliotuletea mabegi walikuwa na moyo, siwalaumu. Nalaumu namna tulivyozoea kufikiri, kwamba yatima ni mtu wa kupewa vitu tena mbele ya kamera, mgeni anakuja, watoto wanapangwa mstari, magodoro yanashushwa, picha inapigwa na bibi yuko nyuma kabisa ya mstari na kanga yake, hakuna aliyemuuliza unatumia nini jioni.

Halafu Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada yao ya nje. Kwenye kata yetu ilikuwa kama mtu kazima taa, wahudumu waliambiwa wasimame, baskeli zikarudishwa, na simu zile za kuingizia taarifa. Mimi nilibaki na daftari. Kwa miezi kadhaa bibi walikuwa wananisimamisha njiani wananiuliza yule binti aliyekuwa anakuja Jumanne mbona haji, kakosea nini, na mimi sina jibu la kumwambia mtu wa miaka 75 kwamba kuna ofisi imefungwa Washington. Wamarekani hawana deni na sisi, tangu walipoanzisha PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI, mwaka 2003 wamebeba mzigo ambao ungeweza kutuua, na katika sheria yao waliandika kabisa kwamba asilimia 10 ya hela hizo iende kwa yatima na watoto walio katika mazingira magumu. Swali langu liko kwenu. Wao waliandika asilimia 10 kwa ajili ya watoto wetu, sisi kwenye bajeti ya halmashauri yetu tumeandika asilimia ngapi?

Najua mtasema kuna ile 10 ya mapato ya ndani. Ndiyo ipo na ni nzuri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba. Lakini ule ni mkopo, na unapewa kikundi. Bibi wa miaka 74 mwenye magoti yanayouma na wajukuu watano ataingia kikundi gani, nani atakubali kudhaminiana naye, atafuga kuku wangapi ndo arejeshe? Yeye hahitaji mtaji kwanza. Anahitaji kipato kidogo kinachokuja bila kukosa tarehe fulani ya mwezi, ili dukani aweze kusema nitalipa tarehe fulani na akalipa kweli.

Na hilo halihitaji kubuniwa, limeshafanyika na karibu sana na sisi. Pale Nshamba, Muleba, tangu 2003 kuna shirika la Kwa Wazee linawapa wazee pensheni ndogo kila mwezi, hasa bibi wanaolea wajukuu, na hela ile inaenda kwenye chakula, sabuni, chumvi, daftari, mafuta ya taa, vitu ambavyo bibi yeyote angewaambia mkimuuliza. Zanzibar mwaka 2016 walianza pensheni jamii, kila aliyefika miaka 70 alianza na shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuulizwa wewe ni maskini kiasi gani, baadae wakaipandisha. Kenya nao mwaka 2018 wakaifungua Inua Jamii kwa kila aliyetimiza 70, shilingi 2,000 ya kwao kwa mwezi. Sisi Bara tulikuwa na Sera ya Wazee tangu 2003, mwaka ule ule Nshamba walipoanza kulipa. TASAF imesaidia kaya nyingi na nawashukuru, hela iliyokuwa inakuja kila baada ya miezi miwili imeokoa watu, ila ule ni mpango wa kaya maskini kwa ujumla wake, haukutengenezwa kwa ajili ya mzee anayeanza kulea upya akiwa na miaka 70. Mlezi mzee mwenye mtoto yatima ndani aingizwe moja kwa moja, asishindanishwe na kijana mwenye nguvu kwenye kupigiwa kura ya umaskini pale kwenye mkutano wa kijiji.

Mtasema bajeti haitoshi nchi nzima. Sawa, basi anzeni na walezi, anzeni na waliopita 65 wenye mtoto yatima ndani ya nyumba. Majina yapo, kwenye kijiji chetu nitawapa mimi kesho.

Sasa niende kwenye kitu ambacho hakihitaji hela nyingi na kinaniuma kuliko vyote, makaratasi. Kuna kijana wetu alimaliza kidato cha sita vizuri tu, akapata chuo, akaomba mkopo wa elimu ya juu. Yatima wa wazazi wote anapewa kipaumbele, lakini inabidi athibitishe kwa vyeti vya vifo vya baba na mama vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Mama yake alifia nyumbani mwaka 2009, tukamzika kule nyuma ya kibanja, bujuni walikuja, padri alikuja, kijiji kizima kilikuwepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwenda kuandikisha kifo. Miaka kumi na kitu baadae kijana anahangaika na barua ya mwenyekiti wa kijiji, barua ya mtendaji, kiapo, mashahidi, nauli ya kwenda wilayani na kurudi mara nne, cheti kilipopatikana dirisha la maombi limeshafungwa. Ofisi haikukosea, utaratibu ndo ulivyo. Kijiji kizima tunajua ni yatima, tumemwona akilia pale kaburini ana miaka sita, lakini hakuwa na karatasi ya kusema hivyo. Sisi ndo tulimkosea, hatukuwa na mtu ambaye kazi yake ni kumwambia bibi kwenye ule msiba kwamba mama, pole, ila ndani ya siku hizi nenda kaandikishe.

Na cheti cha kuzaliwa vivyo hivyo. Walio chini ya miaka 5 siku hizi wanasajiliwa bure na cheti kinatolewa huku huku kwenye kata au zahanati, ni maendeleo makubwa sana, hongereni kwa hilo. Shida iko kwa aliyepita miaka mitano, kadi ya kliniki ilipotea nyumba ilipobomoka, mama aliyejua tarehe amekufa. Naomba halmashauri ifanye siku moja kwa mwaka kila kata, afisa wa vizazi na vifo aje na muhuri wake, mtendaji akae pembeni, mahakama ya mwanzo ilete wa kusaini viapo, na ada za watoto walio kwenye daftari la kijiji zilipwe na halmashauri. Siku moja tu! Bibi asipande bodaboda mara nne.

Kuna suala la kibanja pia na hapa nitasema wazi hata kama kuna ndugu zangu hawatapenda. Baba akifa mara nyingi baba mkubwa au baba mdogo anasema mimi nitawatunzia watoto kibanja mpaka wakue. Wengine wanatunza kweli, Mungu awabariki. Wengine kahawa inapoiva wanavuna wao, mwaka wa kwanza, wa pili, wa saba, mtoto akifika miaka 18 anaambiwa kibanja cha ukoo bwana, na bibi aliyemlea hana sauti kwenye kikao cha ukoo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali aliyoacha mzazi wake, iko wazi. Na kwa wanaosema mila ndo mila, huku huku Uhayani ndiko ilikotoka ile kesi ambayo Jaji Mwalusanya aliamua Mwanza mwaka 1990 kwamba mwanamke naye ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, kwa hiyo mila zetu zimeshawahi kunyooshwa na dunia haikuanguka. Ninachoomba ni kidogo tu, kila mzazi anapofariki akaacha watoto wadogo, serikali ya kijiji iandike kibanja kilipo, mipaka yake, miti ya kahawa mingapi, nani anakiangalia na mapato yanaenda kwa nani, mbele ya mashahidi, na karatasi moja abaki nayo bibi.

Shule nitasema kwa kifupi. Tangu Januari 2016 ada hakuna na hilo limeokoa kizazi. Kilichobaki ni sare, viatu, madaftari na mchango wa uji. Mwalimu mkuu wetu ni mtu mzuri, hamfukuzi mtoto, ila mtoto ambaye hajachangiwa uji anajijua, wenzake wakishika vikombe yeye anaenda kunywa maji bombani. Mtoto aliye kwenye daftari asamehewe mchango na halmashauri iifidie shule, basi.

Afya pia. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6, mpango mzuri na wa bei ya chini. Bibi mwenye wajukuu sita anakuwa wa saba nyumbani kwake. Anachofanya mnakijua, anawaandika watoto wote sita yeye anajiacha. Halafu tunashangaa presha imemwangusha asubuhi akiwa shambani na watoto wamebaki tena hawana mtu. Sasa hivi mnapoitekeleza Bima ya Afya kwa Wote, ile sheria ya 2023, tafadhalini sana hesabu ya kaya isimbane mlezi wa yatima. Na mzee anayelea akifika zahanati asipange foleni masaa manne huku mtoto wa miaka mitatu amemwacha kwa jirani.

Nilisema hatukuwa na mtu, na hapa ndo kiini cha barua yangu kilipo. Kata yetu haina afisa ustawi wa jamii. Aliyepo yuko wilayani, ni mchapakazi, nimemwona kwa macho yangu akilipa nauli ya mtoto kutoka mfukoni mwake, lakini ana kata zote hizo na gari la kuazima. Sheria ya Mtoto imeiweka halmashauri kuwa ndiyo yenye wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto kwenye eneo lake, na halmashauri inatimiza wajibu huo kupitia sisi wajumbe wa kamati ambao hatulipwi kitu, hata nauli, hata vocha. Sisi wajumbe hatujaomba utajiri. Lakini mwenzangu mmoja kaacha mwaka jana, alikuwa mzuri kuliko mimi, anajua kuzungumza na mtoto aliyefiwa mpaka mtoto anacheka, kaacha kwa sababu mume wake alimuuliza unalima lini. Nilishindwa kumjibu kwa niaba yake.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanafundishwa na wanalipwa posho, na tumeona tofauti. Fanyeni hivyo hivyo kwa ustawi. Mtu mmoja kila kijiji, mwenyeji, anayejua kila nyumba, apewe baskeli na mafunzo na posho ya kila mwezi kutoka bajeti yetu wenyewe, hata kama ni ndogo, ili mfadhili yeyote akiondoka yule mtu abaki Jumanne yake iendelee. Ndo huyo atakayekumbuka cheti cha kifo. Ndo atakayejua kwamba yule dada wa miaka 17 niliyemwandika kwenye daftari, anayelea wadogo zake watatu, ameanza kufuatwa na mwanaume mwenye duka. Hilo la mwisho mimi nililijua kwa bahati tu, nilikwenda kununua sabuni. Tumekaa na wazazi wa jirani, tumemhamishia shangazi mtu mzima pale ndani, binti yuko salama kwa sasa, ila bahati haiwezi kuwa mfumo wa wilaya.

Na kabla sijamaliza, nimesikia kuna mazungumzo ya kujenga kituo kikubwa cha kulelea yatima wilayani kwetu, mfadhili kapatikana, eneo linatafutwa. Nawaomba mfikirie mara mbili. Sipingi vituo vyote, kuna mtoto ambaye kweli hana mtu duniani, kuna aliyetupwa, kuna anayeteswa kwa ndugu, hao wanahitaji pa kukaa na masista na wengine wamefanya kazi hiyo kwa upendo miaka mingi. Lakini kwenye daftari langu la watoto 41, wasio na ndugu kabisa ni sifuri. Mkijenga jengo zuri lenye vitanda vya chuma na wali kila siku, bibi maskini ataleta mjukuu, atamleta akilia, kwa sababu kule kuna chakula na kwake hakuna, na mtoto ataondolewa kwenye kibanja cha babu yake, kwenye lugha yake, kwa dada zake, na atakaporudi ana miaka 18 hakuna anayemjua na kibanja kimeshapata mwenyewe. Hela ya ukuta wa hilo jengo peke yake ingewafuta machozi bibi wa kata nzima. Mwambieni mfadhili hivyo kwa heshima, mpelekeni kwenye nyumba ya bibi mmoja akae nusu saa kwenye kigoda, bila kamera.

Bibi yangu alifariki 2014, alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Watoto wote watano tulikuwepo, mmoja ni mwalimu, mmoja dereva, mmoja yuko Mwanza na biashara yake, mdogo wa mwisho ni nesi. Siku ya mazishi mwenyekiti wa bujuni alisimama akasoma michango aliyowahi kutoa bibi kwenye misiba ya wengine kwa miaka yote, ilikuwa orodha ndefu, ndizi, kuni, shilingi mia mbili, shilingi mia tano, ndizi. Nilikaa pale nikawa nawaza huyu mama katoa vyote hivi akiwa na sisi watano migongoni.

Vikao vya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai vinakuja. Kwenye mkutano wetu wa kijiji tumeshakubaliana vipaumbele vitatu vya kupeleka kata, nauli na posho ya mhudumu wa ustawi, siku ya vyeti, na kifungu cha walezi wazee, muhtasari umesainiwa na mwenyekiti na mtendaji, nakala ninayo. Bujuni nao wamekubali kutenga sehemu ya mfuko wao kwa watoto wa marehemu kwa mwaka wa kwanza baada ya msiba, sio hela nyingi ila wameamua wenyewe bila kuambiwa na mtu, kwa hiyo msije mkasema wananchi hawachangii. Kikao cha baraza la madiwani kiko wazi kwa wananchi, nitakuja, na nitakuja na daftari, na bibi wawili wameniambia watakuja na mimi kama nitawatafutia usafiri, nimeshaongea na wa bodaboda. Naomba siku hiyo pawepo na viti vyenye egemeo kwa ajili yao, wale hawawezi kukaa kwenye benchi muda mrefu.

Mjumbe wa kamati ya watoto ya kijiji, Kagera